Peda za sauti ya Rockman: namna ya kuziunganisha na kuzipiga kwa hedifoni

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimenunua peda ya sauti ya Rockman, nikaichomeka mbele ya ampu, mbona inalia kama redio iliyofungiwa kabatini?" "Nimechomeka hedifoni, mbona nasikia sikio moja tu?" "Nobu ya besi iko wapi?"

Wanaouliza hawajaharibu kitu, na peda zao ni nzima. Wamepata kifaa chenye umbo la peda ya distoshoni (ya kuikwaruza sauti ya gitaa), wakakitumia kama peda ya distoshoni. Sivyo kilivyo. Ndani ya kile kisanduku mna ampu nzima pamoja na spika yake, kwa hiyo mahali pake ni mwisho wa mnyororo, pale ambapo ampu ingekaa. Ukilishika hilo, makosa mengi hutayafanya kabisa.

Mimi sikulishika mapema. Ya kwangu niliichomeka mbele ya ampu ya valvu na kwa wiki nzima nikawa nazungusha trebo na besi nikitafuta uhai. Haukuwapo. Siku niliyoipeleka moja kwa moja kwenye miksa ndogo na kuvaa hedifoni, kodi ya kwanza tu (yaani noti kadhaa zikilia pamoja) ilinifanya nikae chini. Naandika haya ili wewe usiipoteze wiki hiyo.

Imetoka wapi, kwa ufupi

Tom Scholz, mpiga gitaa na mwanzilishi wa bendi ya Boston, alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, Marekani, na aliwahi kufanya kazi Polaroid, kampuni ya kamera. Mwaka 1982 kampuni yake, Scholz Research & Development, ilitoa Rockman: kisanduku cha plastiki cha kuning'iniza kwenye mkanda wa suruali, kinachotumia betri, chenye tundu la gitaa na la hedifoni. Walkman, kinanda kidogo cha kaseti cha kusikilizia kwa hedifoni, ilikuwa imetoka miaka mitatu kabla yake, 1979, na watu walikuwa wameshazoea kutembea na muziki masikioni. Sasa wangeweza kutembea na ampu.

Ndani mlikuwa na kompresa (inayopunguza sauti kubwa na kuinua ndogo), distoshoni, vichujio vya kuiga spika na maikrofoni yake, korasi ya stereo (inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili) na mwangwi. Hapakuwa na nobu ya besi wala ya trebo. Unasogeza swichi, unachagua toni, unapiga. Kilitengenezwa kwa mazoezi, lakini kikaingia studio: magitaa mengi ya albamu ya Hysteria ya Def Leppard, ya mwaka 1987, yalirekodiwa kwa Rockman. Katikati ya miaka ya 1990 Dunlop walinunua vifaa vya Rockman kutoka kwa Scholz, na ni chapa yao ya MXR iliyoirudisha X100, mojawapo ya matoleo ya Rockman, kama peda ya kukanyaga. Toni zake ni nne, kwa majina yale yale ya zamani: CLN1 na CLN2 (safi), EDGE (mkwaruzo wa kati) na DIST (distoshoni).

Jambo moja la kukuepusha na masikitiko: albamu ya kwanza ya Boston ilitoka 1976, miaka sita kabla ya Rockman. Ukiinunua peda hii ukitarajia sauti ya albamu ile hasa, unatafuta kitu ambacho hakikuwa kimezaliwa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Gitaa la umeme lililotyuniwa. Nyuzi zisiwe zimekufa, kwa sababu kompresa huanika kila kitu.
- Adapta ya volti 9, hasi katikati, ya kawaida ya peda.
- Kebo mbili za gitaa za mono. Ukitaka stereo, ongeza kebo ya Y: jeki moja ya stereo upande mmoja, jeki mbili za mono upande wa pili.
- Kifaa cha kusikilizia: miksa ndogo yenye tundu la hedifoni, au intafesi ya sauti ya kompyuta.
- Hedifoni za kufunika sikio lote. Zenye omu 32 hadi 80 huendeshwa kwa urahisi na miksa nyingi. Zenye omu 250 zinaweza kukupa sauti hafifu, ukaisingizia peda.
- Kijitabu cha maelezo cha peda yako. Kisome, hasa ukurasa wa matundu na swichi za pembeni.

Kuhusu kebo, usiamini macho ya haraka. Ishike jeki karibu na mwanga uhesabu pete nyeusi kwenye ile chuma. Pete moja ni mono. Pete mbili ni stereo. Kebo hufanana kabisa kwa nje, na nimeshaona mtu akifungua peda nzima kutafuta ubovu ambao ulikuwa pete moja iliyokosekana.

Hatua kwa hatua

1. Zima kila kitu na ushushe volumu zote hadi mwisho. Ya gitaa, ya peda, ya miksa, ya hedifoni. Hedifoni usivae bado, ziache shingoni.

2. Kagua umeme kabla ya kuchomeka. Tazama mchoro mdogo karibu na tundu la umeme: nukta ya katikati iunganike na alama ya kutoa, duara la nje na alama ya kujumlisha. Ulinganishe na mchoro ulio kwenye adapta. Volti lazima zilingane. Miliampia za adapta zikiwa nyingi kuliko zinazotakiwa hakuna shida, kwani peda huvuta inachohitaji tu, ila zikipungua utapata makelele au ukimya. Usijaribu volti 18 eti "ifunguke zaidi". Peda isiyotengenezwa kuzipokea inaweza kuungua mara moja.

3. Chomeka gitaa upande wa kuingilia. Kwa peda nyingi ni upande wa kulia unapoitazama kutoka juu; mshale utakuonyesha. Usiweke peda nyingine katikati leo. Unataka kuisikia hii peke yake kwanza.

4. Toa kebo kutoka peda hadi miksa au intafesi. Kwenye miksa tumia tundu la laini (lililoandikwa LINE), lisiwe la maikrofoni. Kwenye intafesi, swichi ya pembejeo iweke kwenye laini, isiwe kwenye alama ya gitaa, kwa sababu kinachotoka kwenye peda kina nguvu kuliko gitaa tupu. Kama kompyuta ina programu ya kuiga ampu au kabineti (sanduku la spika), izime. Peda imeshachuja sauti kama spika. Ukichuja mara ya pili trebo inakufa na unabaki na matope.

5. Hedifoni zichomeke kwenye miksa au intafesi. Hapa ndipo wengi hukwama. Kisanduku cha zamani kilikuwa na tundu la hedifoni kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake. Peda za sasa za aina hii nyingi hutoa sauti ya laini, na laini haina misuli ya kusukuma hedifoni. Ukizichomeka humo utasikia sauti ya mbali, mara nyingi sikio moja. Kama kijitabu kinasema wazi kwamba tundu fulani ni la hedifoni, litumie. Kama hakisemi, chukulia silo.

6. Washa kwa mpangilio: peda kwanza, halafu miksa. Pandisha volumu ya gitaa hadi mwisho, ya peda hadi katikati, kisha ya hedifoni kidogo kidogo huku ukipiga uzi mmoja. Ukisikia kitu kutoka shingoni, shusha kidogo ndipo uvae.

   Tafadhali usiruke hili. Gitaa tupu lina vilele, na kilele kikikuchoma sikio unashusha sauti mwenyewe. Kompresa inavifuta vilele, kwa hiyo sauti kubwa sana inaweza kukaa masikioni ikakuridhisha kabisa. Kiwango cha usalama kinachotumika sana sehemu za kazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Desibeli 94 zinakuachia saa moja tu. Kipimo changu cha nyumbani ni rahisi: mtu akiniita kwa sauti ya kawaida kutoka ndani ya chumba hicho hicho, nitambue kwamba nimeitwa.

7. Anza na toni safi, korasi ikiwa imezimwa. Piga kodi moja ya wazi, iache ilie, usiguse kitu. Sikiliza jinsi inavyokataa kufa: sekunde ya nne bado iko karibu sawa na ya kwanza. Hiyo ndiyo kompresa, nayo ndiyo moyo wa sauti hii kuliko distoshoni. Sasa piga kodi ile ile kwa upole, kisha kwa nguvu. Tofauti itakuwa ndogo kuliko ulivyozoea. Jaribu toni safi zote mbili kwa pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya shingoni na ya karibu na daraja. Utagundua kwamba swichi ya pikapu imekuwa nobu yako ya toni.

8. Nenda EDGE, ukae hapo. Kama una nusu saa, itumie yote hapa. Volumu ya gitaa ikiwa mwisho, utapata mkwaruzo wa kati. Ishushe hadi 7: mkwaruzo unarudi pembezoni. Ishushe hadi 4: sauti inasafika, lakini haipotei, kwa sababu kompresa inaiinua kutoka chini. Ndiyo maana hawakuhitaji kuweka nobu nyingi. Jizoeze kufanya hivi kwa kidole kidogo bila kusimamisha mkono wa kupiga: shairi kwa 4, kiitikio kwa 8, solo kwa 10. Mtu anayeweka volumu ya gitaa mwisho siku zote ameinunua robo tu ya peda hii.

9. DIST, kwa gaini (kiasi cha mkwaruzo) ndogo kuliko unavyodhani. Kama peda yako ina nobu ya gaini au ya kurefusha noti, ianze robo. Distoshoni hii ni laini na nene ya katikati, kama peda ya wah (inayofanya gitaa lilie "wa-wa") iliyokanyagwa nusu na kuachwa hapo. Solo inaimba. Kodi kubwa za nyuzi sita zinaungana kuwa ukuta, kwa hiyo piga nyuzi mbili tatu tu. Na mkono wako wa kulia ujifunze kunyamazisha nyuzi usizozipiga. Kompresa huinua kila kilicho kidogo, ikiwemo sauti ya kidole kinachoteleza na uzi unaotetemeka peke yake.

10. Korasi iwashe mwisho. Kwenye toni safi ni tamu papo hapo: arpejio (noti za kodi moja moja) polepole, na chumba kinapanuka. Kwenye distoshoni nakushauri uionje, uizime, kisha uamue. Masikio huizoea haraka, na baada ya dakika kumi huisikii tena ingawa msikilizaji bado anaisikia.

11. Mwangwi, ukiutaka, uweke baada ya peda hii. Si matoleo yote mapya yenye mwangwi wa ndani kama kisanduku cha zamani. Ukiuweka kabla, kompresa itaiinua mirudio ilingane na noti yenyewe na utapata vurugu. Kuanzia milisekunde 300 hadi 400, mirudio miwili, kiasi cha kusikika pale unaponyamaza tu.

Stereo: fanya sawa au usifanye

Baadhi ya peda hizi hutoa stereo kupitia tundu moja. Ndipo kebo ya Y inapohitajika. Jeki moja ya mono inaingia chaneli ya kwanza ya miksa, ya pili chaneli inayofuata. Zungusha chaneli moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Ukiziacha katikati zote mbili umerudi mono.

Kagua pia kama peda ina swichi ya kuchagua mono au stereo. Iko pembeni au ndani, ndogo, na inasahaulika. Ikiwa kwenye stereo huku umechomeka kebo ya kawaida, unaweza kupata upande mmoja tu wa korasi.

Korasi ya stereo hupata upana wake kwa kuipa kila sikio sauti tofauti kidogo. Ukizijumlisha pande mbili kuwa moja, tofauti hizo zinaweza kufutana, korasi ikapungua au ikaisha kabisa. Ukirekodi kwa stereo, bonyeza kitufe cha mono kwenye programu walau mara moja usikie kinachobaki. Watu wengi watakusikiliza kwa spika moja ya simu.

Nikitaka kuitumia na ampu?

Inawezekana, ila ipite mlango wa nyuma. Kama ampu yako ina matundu ya kutuma na kurudisha efekti, ichomeke kwenye la kurudisha. Hapo unairuka sehemu ya mbele ya ampu, yenye toni na gaini zake, unatumia misuli yake tu. Bado utakuwa na spika halisi juu ya spika ya kuigwa, na sauti itakuwa na giza kidogo. Pandisha kitu cha kung'arisha kama kipo. Spika ya kanisani, ya ukumbini au ya kinanda, inayotoa sauti kama ilivyoingia, inaifaa peda hii kuliko kabineti ya gitaa.

Ampu isiyo na tundu hilo? Weka chaneli safi kabisa, gaini chini, na kama ni ampu ya kawaida ya gitaa, shusha besi na trebo huku ukipandisha katikati, kwa kuwa ampu nyingi hukata katikati hata nobu zote zikiwa sawa. Itakuwa nzuri kiasi. Haitakuwa ile ya hedifoni.

Kurekodi

Hapa ndipo peda hii inapokulipa. Huhitaji maikrofoni wala chumba kizuri. Piga riffu (kipande kifupi kinachojirudia) mara ya kwanza, ipeleke kushoto. Ipige tena upya, kwa vidole vyako, uipeleke kulia. Usinakili ile ya kwanza, kwa sababu upana unatokana na tofauti ndogo za mkono. Kila mara tumia mono na korasi ikiwa imezimwa. Iache taa ya intafesi ikae kijani, ukiwa na nafasi ya desibeli 10 au 12 kabla ya nyekundu. Magitaa mawili yaliyobanwa namna hii yanakaa ndani ya mchanganyiko bila kugombana na sauti ya mwimbaji.

Ikigoma

*Hakuna sauti, taa haiwaki.* Adapta. Jaribu nyingine unayojua ni nzima, ya volti na alama zile zile. Kumbuka pia kwamba baadhi ya peda huhitaji jeki iwe imechomekwa upande wa kuingilia ndipo ziwake zikitumia betri.

*Taa inawaka, sauti hakuna.* Ondoa peda kwenye njia: gitaa moja kwa moja kwenye miksa kwa kebo ile ile. Sauti ikija, badilisha kebo ya pili. Mara tisa kati ya kumi ni kebo.

*Sikio moja tu.* Rudi hatua ya 5, kisha hesabu pete za jeki. Ukitumia intafesi, huenda gitaa limo chaneli ya kwanza, na chaneli hiyo husikika kushoto. Tafuta kitufe cha mono cha kusikilizia au weka njia hiyo katikati kwenye programu.

*Sauti nyembamba, ya nyuki.* Ama umechomeka mbele ya ampu yenye gaini, ama una peda nyingine ya distoshoni kabla yake. Ondoa moja.

*Sauti imefifia, ya matope.* Kuna mwigo wa kabineti unaofanya kazi mara mbili. Uzime kwenye programu au kwenye miksa.

*Noti inachelewa masikioni.* Peda ya analogi haicheleweshi. Kompyuta ndiyo inayochelewesha. Washa usikilizaji wa moja kwa moja kwenye intafesi na uzime ule wa kwenye programu, usije ukasikia noti mbili.

*Mvumo usipopiga.* Mvumo kidogo ni wa kawaida kwa sauti iliyobanwa hivi. Ukizidi, shusha volumu ya gitaa hadi sifuri. Ukiisha, unatoka kwenye gitaa: pikapu za koili moja hunasa mvumo wa umeme wa nyumba, kwa hiyo geuka pole pole ukiwa umekaa hadi upate upande ambao unapungua, na usogee mbali na chaja na skrini. Ukibaki vile vile, unatoka kwenye umeme wa peda. Jaribu betri kama peda inaikubali. Betri ikiuondoa mvumo, tafuta adapta inayotoa umeme kwa kila peda peke yake, usigawe moja kwa peda tano.

*Noti inapumua, inapanda na kushuka yenyewe.* Gaini imezidi, au kuna kompresa nyingine kabla. Moja inatosha.

*Nina kisanduku cha zamani chenyewe, kinakwaruza.* Vile vya mwanzo hutumia betri 8 za AA, na vingi vimeshafika miaka 40. Fungua mlango wa betri uangalie unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma. Kidogo husafishwa kwa pamba yenye siki, kisha spiriti, kisha kuachwa kikauke. Swichi za kusogeza zinazokata sauti zisogeze mbele na nyuma mara ishirini thelathini kabla ya kununua chochote. Yakiwa ni makapasita yaliyokauka, mpelekee fundi wa elektroniki anayejua kuyabadilisha, na mwambie asiguse virekebishi vidogo vya ndani, kwa sababu ndivyo vinavyoshikilia sauti ya kifaa hicho.